Kukatwa mguu ni tiba: niliyoyaona kwenye filamu ya Planta 4ª

Kuna filamu moja ya Kihispania ya mwaka 2003 inaitwa Planta 4ª, yani Ghorofa ya Nne, aliyeiongoza ni Antonio Mercero. Inahusu vijana wadogo, umri wa sekondari, waliolazwa hospitali, wengi wana kansa ya mifupa, kadhaa wameshakatwa mguu, vichwa havina nywele kwa sababu ya kemo, yani dawa za kansa, na wenyewe wamejipa jina la Vipara. Usiku wanatoka na viti vya magurudumu wanakimbizana koridoni, wanacheza basketi wakiwa wamekaa kwenye viti hivyohivyo, wanataniana utani ambao mtu mzima akiusikia anashtuka. Afu analetwa kijana mpya anayesubiri majibu ya vipimo, hajui kama ni kansa au siyo kansa, na hao wazoefu ndo wanamfundisha maisha ya wodini. Hadithi yenyewe ni hiyo tu, haina mambo mengi, na mimi nimeipenda sana.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu na mikono ya bandia hapa Moshi. Nilisomea TATCOT, kile chuo kilichopo pale hospitali ya KCMC tangu 1981 ambacho kinasomesha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, kwahiyo watoto waliokatwa mguu ndo watu wangu wa kila wiki. Wanaopata ajali za bodaboda ni wengi kuliko wote, wapo wa kuumwa na nyoka, wapo wa kuungua, na wapo hawa wa kansa. Hawa wa kansa wana jambo lao na ndo nimekaa niandike leo, kwa sababu filamu hii inakionyesha waziwazi kitu ambacho sisi tunahangaika kukieleza kwa wazazi mpaka sauti inakauka: mguu kukatwa ni sehemu ya matibabu, ni hatua ya katikati, mtoto anaendelea kuwa mtoto baada ya hapo. Wazazi wengi wakisikia neno kukata wanaelewa kwamba madaktari wameshindwa, basi usiku huohuo wanaanza kupanga namna ya kumtoa mtoto wodini.

Baba mmoja wa Rombo aliwahi kuniambia mbele ya binti yake, "Dokta, bora aende na miguu yake miwili." (Hapa hospitali kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata sisi wa karakana.) Hakuwa mtu mbaya yule baba, alikuwa anamlilia mwanae, na binti alikuwa anaangalia sakafu. Nikamwambia, "Baba, hapa hatuchagui kati ya mguu mmoja na miwili, tunachagua awepo au asiwepo," na sijui kama nililisema vizuri lakini ndo ukweli ulivyo.

Ngoja nieleze ugonjwa wenyewe maana bila hapo mengine hayataeleweka.

Kansa ninayoiongelea inaitwa osteosakoma. Inaanzia kwenye mfupa wenyewe, na inawapenda sana watu wa miaka 10 mpaka 19, yani kipindi kile mtoto anarefuka unamnunulia suruali ya shule Januari, ikifika Juni inaonyesha soksi. Mifupa inayokua kwa kasi zaidi mwilini iko pale kwenye goti, mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi, na zaidi ya nusu ya osteosakoma zote zinatokea hapo kuzunguka goti, nyingine kwenye bega. Dalili ya kwanza ni maumivu, mtoto anasema goti linauma, hasa usiku au akikimbia, baadae panavimba. Sasa kwa mtoto anayecheza mpira kila jioni goti kuuma ni kitu cha kawaida kabisa, kila mtu anasema aligongwa uwanjani, na mara nyingi kweli aligongwa, kwahiyo lawama anabebeshwa aliyemgonga. Kugongwa hakuleti kansa hii. Kinachotokea ni kwamba kugongwa kunafanya watu waliangalie hilo goti kwa mara ya kwanza.

Kutoka hapo inaanza safari ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri. Duka la dawa anapewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Bibi anamchua na mafuta, uvimbe unachuliwa wiki na wiki. Anapelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa. Kuna anayesema mtoto amekanyaga kitu kimetegwa njiani, anapelekwa kwingine tena. Siwalaumu mabibi, wanafanya wanachokijua na wanakifanya kwa upendo, ila hiyo miezi inayopita ndo miezi ambayo ugonjwa unatoka kwenye goti unaelekea kwenye mapafu, maana osteosakoma ikisafiri sehemu yake ya kwanza ni mapafu. Goti linalouma wiki nyingi bila kupoa, au uvimbe ambao unakua badala ya kupungua, linahitaji eksirei, na eksirei inapatikana hata hospitali ya wilaya. Na akiandikiwa kuchukuliwa kinyama kwa ajili ya kipimo, kinyama hicho kichukuliwe kule kwenye hospitali ambayo ndo itamfanyia upasuaji mkubwa, kwa sababu sehemu inapokatwa kuchukua kinyama ina maana yake baadae daktari akipanga atoe nini na abakize nini.

Sasa tuje kwenye ile imani kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Nimeisikia Machame, nimeisikia Arusha, nimeisikia kwa watu wenye digrii. Na ina chanzo chake, watu hawakuiokota barabarani. Zamani, kabla ya dawa za kemo, osteosakoma ilikuwa inatibiwa kwa kukata mguu peke yake, na karibu watu wanane kati ya kumi walikuwa wanafariki hata baada ya kukatwa, kansa inatokea kwenye mapafu miezi michache baadae. Ukiwa jirani unaangalia unaona kabisa, alikatwa, akafa, basi kisu ndo kimemuua. Kumbe vimbegu vya kansa vilikuwa vimeshafika kwenye mapafu siku nyingi kabla ya kisu, vidogo mno hata picha haivioni, na kukata mguu kusingeweza kuvifuata kule. Kilichobadilisha mambo ni kemo kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu dawa inapita kwenye damu inafika mpaka kule ambako kisu hakifiki. Siku hizi mtoto ambaye ugonjwa haujaonekana nje ya mfupa, akipata kemo kamili na upasuaji kamili kwenye sehemu zenye huduma zote, wanaopona wanafika sita au saba kati ya kumi. Kutoka wawili mpaka saba. Ukikubali kemo ukakataa upasuaji unalibakiza shina la ugonjwa, ukikubali upasuaji ukakimbia kemo umerudi kulekule kwa watu wa zamani.

Wengi mnamjua Terry Fox, yule kijana wa Kanada. Aliugua osteosakoma mwaka 1977 akiwa na miaka 18, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti, akapata kemo, na Aprili 1980 akaanza kukimbia na mguu wa bandia kuvuka Kanada nzima akichangisha pesa za utafiti wa kansa. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, karibu marathoni moja kila siku, mpaka kansa iliporudi kwenye mapafu ikamsimamisha. Alifariki Juni 1981. Nikiangalia video zake jicho langu la kazi linakwenda kwenye ule mguu, anaruka mara mbili kwa mguu mzima ndo ule wa bandia umfikie, kwa sababu goti la bandia la wakati ule lilikuwa linachelewa kurudi mbele. Yani mtu alikimbia kilomita zote hizo anasubiri goti.

Turudi kwenye filamu. Hadithi yake imetokana na tamthilia ya Albert Espinosa, mwandishi wa Barcelona aliyezaliwa 1973, na yeye mwenyewe aliugua kansa hii akiwa kijana mdogo, akapoteza mguu, pafu moja na sehemu ya ini, akaishi kuingia na kutoka hospitali miaka kumi hivi. Baadae akaandika pia tamthilia ya televisheni ya Polseres vermelles iliyoanza kuonyeshwa 2011, nayo ikatengenezwa upya Italia, Ujerumani na Marekani. Ndo maana vijana wa kwenye filamu wanaongea kama watu waliowahi kulala kwenye kile kitanda kweli. Na ndo maana wengi wao wamekatwa, ni hospitali ya kumbukumbu zake za ujanani. Siku hizi huko Ulaya watoto wengi wanatolewa kipande cha mfupa chenye kansa na kuwekewa chuma ndani, mguu unabaki. Hilo linawezekana pale mtoto amewahi, uvimbe haujakumbatia mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na hicho chuma kipo na hela ya kukinunua ipo. Kwetu wengi wanafika goti likiwa limeshapita saizi ya kichwa cha mtoto mchanga, daktari hana cha kuokoa pale, anaokoa mtu.

Espinosa ameeleza kwamba kabla ya kukatwa alifanya sherehe ya kuuaga mguu. Akaalika watu waliohusika na huo mguu, mfano golikipa ambaye yeye aliwahi kumfunga, wakaongea, wakacheka, akacheza muziki mara ya mwisho na miguu miwili. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Huku kwetu mtoto anaingia chumba cha upasuaji saa ingine hajaambiwa kabisa kinachokwenda kutokea, anaambiwa wanakwenda kutoa uvimbe, anaamka anapapasa shuka chini hakuna kitu. Nimekutana na watoto wa hivyo. Wanakuja karakana wamekasirika, na hasira yao haiko kwenye kansa, wana hasira na mama yao na baba yao kwamba mlinidanganya. Kumfanyia mguu mtoto wa hivyo ni kazi ngumu kuliko kawaida, unapima hakuangalii, unamvalisha anauvua, nyumbani unakaa uvunguni. Mtoto aliyeambiwa ukweli siku kadhaa kabla, akalia, akauliza maswali yake, akaonyeshwa na mwenzake aliyetangulia jinsi anavyotembea, anakuja kwangu tayari ana oda: nataka wa kuvalia kiatu cha shule, nataka niweze kupanda baiskeli. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaelewa zaidi ya unavyodhani, tena mara nyingi ameshajua kutokana na nyuso zenu, anachokosa ni mtu wa kumthibitishia ili naye aongee.

Na kuna swali ambalo familia nyingi zinakuwa nalo rohoni zinaogopa kuuliza: mguu wenyewe unakwenda wapi? Kwa watu wa huku mlimani kiungo cha mtu siyo kitu cha kutupwa, kuna familia zinataka mguu uzikwe kihambani, yani kwenye shamba la nyumbani. Ulizeni. Muulizeni muuguzi au daktari kabla ya upasuaji, siyo baada, kwa sababu kabla inawezekana kupangwa vizuri. Nimeona mzee mmoja aliyekuwa amekataa katakata upasuaji wa mjukuu wake, akakubali siku alipojibiwa hilo swali moja.

Sehemu inayotuponza zaidi iko katikati ya matibabu na naomba hapa mnisikilize kwa makini. Utaratibu kwa kawaida unakuwa hivi, kemo kwanza kwa wiki kadhaa, halafu upasuaji, halafu kemo tena kwa miezi. Dawa kubwa ni doksorubisini na sisplatini, na pale penye maabara ya kuweza kupima kiwango chake kwenye damu wanaongeza methotreksati. Doksorubisini ndo ile dawa nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili, mwambieni mtoto mapema maana wengine wanafikiri ni damu wanaogopa kwenda chooni. Sasa kemo za mwanzo zikifanya kazi vizuri uvimbe unapungua, maumivu yanakwisha, mtoto ambaye hakulala miezi analala usiku mzima, anaomba mtori, anaanza kucheka. Na hapohapo ndo tarehe ya upasuaji imefika. Mzazi anamwangalia mtoto wake amechangamka, anaambiwa tunakata, akili inagoma kabisa, anasema mbona amepona, anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kujadiliana na ukoo na harudi. Anarudi baada ya miezi, goti limefumuka upya na mtoto anahema kwa shida. Ile nafuu ni kazi ya dawa, ni dirisha limefunguliwa ili upasuaji ufanyike vizuri, na huwa halikai wazi muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye kansa duniani wawe wanapona. Kwenye nchi tajiri wameshapita asilimia 80, kwenye nchi nyingi za kipato chetu ni chini ya 30. Dawa na mashine zinachangia hiyo tofauti, na kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati vinachangia sana. Jengo la kansa KCMC limeanza kazi mwishoni mwa 2016, kwahiyo mtu wa Kilimanjaro, Arusha au Manyara halazimiki tena kufikiria Dar peke yake kama zamani, ingawa kuna matibabu bado utapewa rufaa ya hospitali za Dar, Ocean Road au Muhimbili. Hela ikiwa shida nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, siku ya kwanza, msisubiri deni liwe kubwa ndo mtoroke nalo.

Sasa niingie kwenye karakana, ndo eneo langu.

Kosa kubwa kabisa baada ya upasuaji linafanywa na mama mwenye huruma. Anachukua mto mlaini anauweka chini ya kigutu, yani ile sehemu ya paja iliyobaki, ili mtoto asiumie. Mtoto anakaa hivyo wiki mbili tatu, nyonga inajikunja inazoea kukunjika, na siku anakuja kwangu paja linaangalia mbele haliwezi kunyooka kwenda nyuma. Mguu wa bandia nitamtengenezea lakini atatembea ameinama. Mto utoeni. Mlazeni kifudifudi nusu saa, mara kadhaa kwa siku, watu wa fizio, yani wa mazoezi ya viungo, watawaonyesha, na kigutu kifungwe bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa nane, kaza zaidi chini legeza kwenda juu, ili kisinyae kiwe na umbo zuri.

Afu kuna maumivu ya mguu ambao haupo. Mtoto anasema vidole vinawaka moto, na vidole havipo. Hajarogwa wala hajachanganyikiwa, ubongo bado una ramani ya mguu mzima na mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inatuma taarifa. Kuna dawa zake, na kuna zoezi la kioo, mtoto anaweka kioo kirefu katikati ya mapaja, anachezesha mguu mzima akiangalia kwenye kioo anaona kama miwili, na wengine wanapata nafuu kweli. Msimwambie anyamaze.

Kidonda kikipona tunachukua umbo. Nachora kwa penseli ya wino sehemu zenye mfupa na sehemu zinazouma, nazungushia bendeji za plasta zilizolowa, nabonyeza kwa mikono juu karibu na kalio ambapo uzito utakaa, inakauka, naivua, najaza plasta ndani napata kigutu cha plasta. Hicho nakikwangua hapa naongeza pale, kazi ya subira hiyo, milimita chache zikikosewa mtoto anapata kidonda. Baadae karatasi nene ya plastiki, polipropilini, inaingia kwenye oveni kwenye joto la kama nyuzi 180, ikilainika mnaitoa watu wawili haraka mnaivalisha kwenye plasta na pampu inavuta hewa inajibana. Ikipoa inakatwa, ndo soketi, ile sehemu ambayo kigutu kinaingia. Tunaunganisha goti na unyayo, tunamsimamisha katikati ya bomba mbili anashika, tunaangalia anavyotembea, tunageuza skrubu, anatembea tena, tunamvua tunaangalia ngozi imekuwa nyekundu wapi.

Kwa mtoto wa kansa kuna mambo ya ziada. Akiwa bado kwenye kemo anakonda, akimaliza ananenepa, kigutu kinabadilika saizi, soketi iliyombana Machi inacheza Juni, kwahiyo anapewa soksi za kigutu anaongeza na kupunguza. Kemo ikishusha chembe nyeupe za damu hata mchubuko mdogo ni hatari, siku hizo mguu unapumzishwa anatumia magongo. Na huyu anakua. Mtu mzima mguu unaweza kumchukua miaka mitatu mpaka mitano, mtoto anaweza kuhitaji kubadilishiwa baada ya miezi sita au mwaka, na hapo ndo familia nyingi zinakata tamaa, wanadhani mguu ni kitu cha mara moja. Pangeni hivyo tangu mwanzo.

Huku kwetu pia kuna milima. Anayekatwa juu ya goti anatumia nguvu nyingi zaidi kutembea, kama mara moja na nusu ya wengine au zaidi, na hiyo ni kwenye sakafu. Sasa mpeleke kwenye njia ya Machame wakati wa masika, utelezi, mteremko. Kushuka ndo kugumu kuliko kupanda, kwa sababu goti la bandia linaweza kukunjika ghafla. Mara nyingi wa huko naanza nao na goti lenye loki ya kulizuia lisikunjike, anatembea mguu umenyooka kama hana haraka, akizoea tunaiachia. Binti mmoja wa kidato cha pili alinifundisha njia yake, anashuka ubavu, mguu mzima unatangulia, na mkono mmoja umeshika migomba ya kihamba cha jirani. Siku hizi namwonyesha kila anayetoka mlimani.

Kitu ambacho filamu imenigusa nacho kuliko vyote ni wale vijana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna daktari anayemtoa yule mgeni hofu kama wanavyomtoa wenzake. Na hapa nimeona hivyohivyo, naweza kumwelezea mtoto lisaa lizima, akaja mwenzake anaruka na magongo kwa spidi, wakaongea dakika tano nje kwenye benchi, anarudi amebadilika uso. Watoto wanaulizana mambo ambayo hawatuulizi, unaoga vipi, unapata msichana, darasani walikucheka. Wodi zetu watoto wa miaka kumi na nne mara nyingi wanawekwa ama na watoto wachanga ama na watu wazima, anakosa wa rika lake kabisa. Kama hospitali yako inaweza kuwaweka karibu hata wawili tu, wawekeni.

Na kwa mzazi anayefikiri michezo ndo basi, timu yetu ya taifa ya soka la wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wote isipokuwa golikipa wana mguu mmoja, wanacheza na magongo, mguu wa bandia wanauvua kabla ya kuingia uwanjani. Video zao zipo mtandaoni, nazionyesha karakana, na wavulana wakiziona swali la kwanza ni magongo yale yanauzwa wapi.

Mkija kwa mara ya kwanza kupimwa mleteni mtoto na kiatu cha mguu uliobaki, kile atakachovaa zaidi, kwa wengi ni cha shule. Unyayo wa bandia una urefu wake wa kisigino, tukiupanga kwa raba na yeye akaenda kuvaa kiatu chenye kisigino, anasukumwa mbele goti linakunjika anaanguka. Ndala hazifai, zinachomoka. Njooni na kaptura, karatasi za rufaa, ratiba ya kemo ili tujue wiki gani chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka, na akija na mdogo wake au rafiki yake ni vizuri zaidi, huyo ndo atakuwa anatembea naye kwenda shule.